Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mfalme Edward VIII Kwenye Magofu ya Dowlais

Zipo picha kadhaa zilizopigwa Jumatano ya tarehe 18 Novemba 1936 katika mji mdogo wa Dowlais, juu ya Merthyr Tydfil, kusini mwa Wales, na karibu zote zina mambo matatu yale yale: mfalme kijana mwenye koti zito na kofia nyeusi ya duara, umati wa wanaume waliovaa kofia bapa za wafanyakazi, na nyuma yao mabaki ya kiwanda cha chuma cha pua kilichozimwa miaka sita kabla. Mfalme ni Edward VIII, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza mwaka kwenye kiti, wala hangetimiza. Picha hizo hutolewa kila panaposimuliwa habari za kujiuzulu kwake, na mara nyingi maelezo yaliyo chini yake humhusu yeye peke yake: alitazama nini, alihuzunika vipi, alisema neno gani. Kwa muda mrefu nami nilizitazama hivyo hivyo, kwa sababu kofia ile huvuta jicho. Siku hizi natazama zaidi kilicho nyuma yake, na naona kwamba picha hizo, pamoja na ukweli wote uliomo ndani yake, zinaficha jambo moja kubwa: ukizitazama utadhani kiwanda kilikufa, ilhali kilikuwa kimehama.

Watu wa Dowlais walimpokea kwa wimbo. Wanaume waliokuwa wamekaa juu ya vifusi na vyuma vilivyopinda walisimama wakaimba Crugybar, utenzi wa dini wa Kiwelshi ambao huimbwa hata mazikoni, naye mfalme akasimama kichwa wazi akiwasikiliza. Kisha akasema maneno ambayo magazeti yaliyanukuu kwa namna mbalimbali, lakini maana yake ni moja: kwamba viwanda hivi ndivyo vilivyowaleta watu wote hawa mahali hapa, na kwamba ni lazima jambo fulani lifanyike ili wapate kazi tena. Sehemu ya pili ya maneno hayo ndiyo iliyopata umaarufu, ikakatwakatwa mpaka ikabaki ahadi fupi isiyotaja kazi wala mahali. Mimi naona uzito uko kwenye sehemu ya kwanza, ambayo watu huiruka. Hapo mfalme alisema historia kwa usahihi kuliko mawaziri waliofuatana naye.

Maana kweli kiwanda ndicho kilichowaleta. Kabla ya mwaka 1759, ambapo kampuni ya kwanza ya kuyeyusha chuma ilianzishwa, Dowlais ilikuwa mlima wa malisho, zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, penye mvua na upepo na watu wachache. Kilichowavutia wenye mitaji ni kwamba ardhi hiyo ilikuwa na kila kitu mahali pamoja: mawe ya chuma, makaa ya mawe, mawe ya chokaa na maji yanayoteremka kwa nguvu. John Guest alifika kuwa meneja mwaka 1767, na ukoo wake ukaendelea kukishika kiwanda kwa vizazi vilivyofuata. Kufikia mwaka 1845, chini ya mjukuu wake Josiah John Guest, palikuwa na matanuru 18, wafanyakazi 7,300, na tani 88,400 za chuma kwa mwaka. Hakuna kiwanda cha chuma duniani kilichokizidi wakati huo. Reli zilizopitishwa kwenye mitambo yake zilitandazwa mbali, hata Urusi; na huko Urusi ya wakati huo, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, mzaliwa wa Merthyr aitwaye John Hughes alikwenda kuanzisha kiwanda chake na mji uliopewa jina lake, ambao sasa unajulikana kama Donetsk. Watu walitoka mashambani mwa Wales, Ireland na Uingereza, wakapanga nyumba za mistari mirefu kando ya matanuru, wakajenga makanisa yao, wakazaa na kuzikana hapo.

Mwaka 1856 Dowlais ilikuwa ya kwanza kununua kibali cha kutumia njia ya Henry Bessemer ya kutengeneza chuma cha pua, ambapo hewa hupulizwa ndani ya chuma kilichoyeyuka mpaka kaboni iungue na kutoka. Ilichukua miaka mpaka wakaimudu, na chuma cha pua cha kwanza kilitoka mwaka 1865. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, habari ya yale magofu ilipoanza, miaka 71 kabla mpiga picha hajafungua kamera yake. Njia ya Bessemer haikuweza kuondoa fosforasi iliyomo katika madini, kwa hiyo mawe ya chuma ya mlimani, ambayo tayari yalikuwa yakipungua, hayakuifaa. Kiwanda kikalazimika kutafuta madini nje. Mwaka 1873 Dowlais iliungana na kampuni ya Consett ya kaskazini mwa Uingereza, Krupp ya Ujerumani na ukoo wa Ybarra wa Hispania, wakaunda kampuni ya Orconera ya kuchimba madini karibu na Bilbao. Kuanzia hapo kila tanuru la Dowlais lilikula mawe yaliyosafiri baharini mpaka Cardiff, kisha yakapandishwa mlimani kwa treni, na chuma kilichotoka kikateremshwa tena kwa treni kwenda bandarini. Mtu yeyote mwenye daftari la hesabu angeuliza kwa nini matanuru yasiwe kule chini, ufuoni.

Wenye kampuni walijiuliza, na jibu lao likaonekana mwaka 1891, tanuru la kwanza lilipowashwa katika kiwanda chao kipya cha East Moors, Cardiff, kando ya gati. Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka 40 kampuni moja ilikuwa na mguu mmoja mlimani na mmoja pwani, na kila ilipohitaji kupunguza gharama, mguu wa mlimani ndio ulioachwa ufe ganzi.

Hali hiyo haikuonekana wazi mwezi Juni 1912, mfalme mwingine alipofika. George V, baba yake Edward, alizuru Dowlais pamoja na Malkia Mary, kukiwa na moto katika matanuru, na wenyeji wakajenga matao mawili ya kuwapitisha, moja la mabonge ya makaa ya mawe na jingine la chuma cha pua. Picha za siku hiyo nazo zipo, na ukiziweka kando ya zile za 1936 utashangaa jinsi zinavyofanana kwa mpangilio: umati, kofia, maofisa, mgeni katikati. Tofauti ni moshi. Mbunge wa Merthyr wakati huo alikuwa Keir Hardie, mwanzilishi wa chama cha Labour, ambaye hakuwa na haja na ufalme wala hakuficha, na watu wake walimpigia kura huku wakimshangilia mfalme bila kuona mgongano. Wanaume waliokuwa vijana chini ya yale matao mawili walikuwa na umri wa miaka 40 na kitu mtoto wa mgeni wao alipokuja kutazama magofu.

Pigo lenyewe lilifika mwaka 1930. Kampuni ya Guest Keen, iliyokuwa imerithi Dowlais, iliunganisha shughuli zake za chuma cha pua na kampuni ya Baldwins, na kampuni mpya ikaamua kuziweka nguvu zake pwani, Cardiff na Port Talbot. Matanuru ya Dowlais yakazimwa, kikabaki kiwanda kidogo cha kusubu vyuma na karakana. Jina Baldwins si la kubahatisha. Ni kampuni ya ukoo wa Stanley Baldwin, aliyekuwa waziri mkuu Edward alipokuwa mfalme. Kwa haki lazima isemwe kwamba Baldwin alikuwa ameacha ukurugenzi miaka mingi kabla, na uamuzi wa kufunga haukuwa wake. Hata hivyo nashindwa kulipita jambo hili haraka, kwa sababu katika kisa hiki chote, kinachosimuliwa kila mara kama ugomvi wa mfalme na waziri mkuu kuhusu ndoa, kuna wanaume juu ya vifusi ambao kazi yao ilihamishwa na kampuni yenye jina la waziri mkuu, na mara chache sana mambo hayo mawili hutajwa kwa pumzi moja.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba katika miaka ya 1934 hadi 1936, wakati Dowlais ikiota kutu, East Moors ilikuwa ikijengwa upya kwa mitambo ya kisasa kabisa. Umbali kati ya mahali hapo pawili ni kama kilomita 40. Chuma hakikukosa soko, wala ujuzi haukutoweka. Kazi ilikuwa imeteremka mlima, na baadhi ya wafanyakazi wakateremka nayo, wengine wakaenda London na Midlands, katikati ya Uingereza, kwa maelfu, na waliobaki ni wale wenye nyumba, wazee, wagonjwa, na wasiotaka kuondoka mahali walipozika watu wao. Katika miaka mibaya zaidi ya muongo huo, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima katika Merthyr hawakuwa na kazi. Mpiga picha angeteremka Cardiff juma hilo hilo, angepiga picha ya matanuru mapya yanayowaka. Picha hizo mbili zikitazamwa pamoja, swali kwa mfalme lingekuwa gumu zaidi kuliko lile la huruma.

Wenyeji nao hawakuwa wamekaa juu ya vifusi wakisubiri mtu wa kuwahurumia. Tangu mwaka 1931 palikuwa na utaratibu wa kupima kipato cha kaya nzima kabla ya mtu kupewa msaada, hivi kwamba ofisa aliingia nyumbani kuuliza mtoto analeta shilingi ngapi, na baba akakatwa kwa sababu ya mshahara wa kijana wake. Serikali ilipoanzisha bodi mpya ya msaada na viwango vya chini zaidi mwanzoni mwa 1935, mabonde ya kusini mwa Wales yaliinuka. Jumapili ya tarehe 3 Februari waliandamana watu wanaokadiriwa kufika 300,000, na kesho yake wanawake wa Merthyr walikuwa mstari wa mbele katika kundi lililoivamia ofisi ya bodi hiyo na kuiharibu. Viwango vipya vikasimamishwa haraka. Huo ni ushindi ambao hauna picha maarufu.

Mwaka uliofuata, yaani wenyewe wa 1936, watu 200 wasio na kazi wa mji wa Jarrow walitembea kwa miguu kutoka kaskazini-mashariki mwa Uingereza wakafika London mwisho wa Oktoba, na Baldwin akakataa kuonana nao. Tarehe 8 Novemba waandamanaji wengine wa njaa, wakiwamo wa kusini mwa Wales, waliingia Hyde Park. Siku 10 baadaye mfalme alikuwa Dowlais. Waliokuwa wamekwenda kwa mkubwa wakafungiwa mlango, sasa mkubwa kuliko yule amekuja mwenyewe mpaka uani kwao. Nadhani ndiyo maana waliimba kwa nguvu vile. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kila aliyewahi kuona mashimo ya barabara yakifukiwa usiku kwa sababu kesho anapita mheshimiwa anajua kwamba mwenyeji huweza kupona kwa siku moja tu.

Mfalme alifuatana na Ernest Brown, waziri wa kazi, na Kingsley Wood, waziri wa afya. Ziara ilichukua siku mbili na kupita mabonde mengi. Kesho yake alikuwa Blaenavon na Pontypool na kwingineko, akiwaahidi watu kwamba jambo litafanyika. Nchi ilikuwa na sheria ya mwaka 1934 ya kusaidia maeneo yaliyoporomoka, yenye pauni milioni 2 kwa maeneo manne, kusini mwa Wales likiwa mojawapo. Katika mswada maeneo hayo yaliitwa yaliyodidimia, na mabwana wa Baraza la Juu wakaona ni vyema yaitwe maeneo maalumu. Pesa hizo zilikuwa kidogo mno, na kwa sehemu kubwa hazikuruhusiwa kwenda kwenye biashara ya faida, ndipo zikaishia kwenye mabustani, mifereji na vyama vya kilimo. Mfalme mwenyewe alianza ziara yake asubuhi ile kwa kuoneshwa shamba la ushirika huko Boverton. Kumpa mkono wa jembe mtu aliyeishi maisha yake mbele ya tanuru si ubaya, lakini si jibu.

Ambacho karibu kila aliyemo kwenye picha hakukijua ni kwamba Jumatatu ya juma hilo, tarehe 16, Edward alikuwa amemwambia Baldwin kwamba anakusudia kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani ambaye mahakama ilikuwa imeshaanza kuivunja ndoa yake ya pili, na kwamba ikibidi ataondoka kwenye kiti. Magazeti ya Uingereza yalilinyamazia jambo hilo mpaka mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akitamka kwamba ni lazima jambo lifanyike alikuwa tayari ameweka wazi kwamba huenda yeye asiwepo wakati wa kulifanya. Sisemi alikuwa mnafiki. Waliomwona siku ile walishuhudia kwamba aliguswa, nami naamini. Ila huruma ya mtu aliye mlangoni kuondoka ni rahisi kuliko ya mtu atakayebaki, na umaarufu wa maneno yake umetokana na kuondoka huko. Tarehe 10 Desemba, siku 22 baada ya Dowlais, alitia saini hati ya kujiuzulu. Angebaki, maneno yale yangepimwa kwa miaka, kila mwaka wa mvua na msaada pungufu ungekuja kuyadai, na nina shaka kama yangekumbukwa kwa upole.

Edward hakuwa mgeni kwetu pia. Mwishoni mwa 1928, akiwa bado mrithi, alikuwa Afrika Mashariki kuwinda, na alikuwa Dodoma zilipomfikia simu za upepo kwamba baba yake ni mgonjwa sana. Aliyezituma ni Baldwin yule yule, ambaye hata wakati huo alikuwa waziri mkuu. Akateremka Dar es Salaam, akapanda meli ya kivita Enterprise kurudi kwao. Na ufalme wake mfupi uliacha kwetu alama ambayo Dowlais haikuipata. Nchini Uingereza hakuna sarafu za matumizi ya kawaida zenye sura yake zilizoingia mikononi mwa watu, kwa kuwa alikwisha kuondoka kabla hazijatolewa. Lakini sarafu za Afrika Mashariki za senti 5 na senti 10, zile zenye tundu katikati, hazikuhitaji sura. Zilihitaji taji na jina tu, nazo zilipigwa mwaka 1936 zikiwa na jina lake kwa Kilatini. Kwa hiyo mchuuzi wa Mombasa au Tanga aliweza kuwa na jina la Edward VIII kwenye kamba ya senti zake, wakati mwanamume wa Dowlais aliyemwimbia ana kwa ana hakuwahi kulikuta kwenye peni yake. Wanaokusanya sarafu bado huziuza kwa bei ndogo, maana zilitengenezwa nyingi.

Kazi zilirudi kusini mwa Wales, ila kwa njia nyingine. Mwaka 1937 sheria ya maeneo maalumu ilirekebishwa, wenye viwanda wakapewa nafuu ya kodi na pango, na eneo la viwanda la Treforest likajengwa, ambako wakimbizi waliowatoroka Wanazi wa Ujerumani na Austria walifungua viwanda kadhaa. Huko Ebbw Vale, kilomita chache mashariki mwa Dowlais, kiwanda cha chuma kilichokuwa kimezimwa tangu 1929 kilifunguliwa tena mwaka 1938, kikiwa na mtambo wa kwanza nchini Uingereza wa kupitisha bamba pana za chuma cha pua bila kukatiza. Mwenye kampuni alitaka kuuweka Lincolnshire, penye madini, na serikali ikamshinikiza aulete mabondeni. Ushinikizaji huo ulifanyika mwaka 1935, kabla ya ziara, na serikali yenyewe ilikuwa ya Baldwin. Ni jambo la kuudhi kidogo kwa wapenda hadithi ya mfalme mwema na waziri mkuu mgumu, lakini ndivyo ilivyokuwa: huyu aliyewafungia mlango watu wa Jarrow alikwisha kuonyesha kwamba mahali pa kuweka kiwanda panaweza kuamuliwa kwa siasa, wala si kwa hesabu za mwenye mali peke yake. Dowlais haikupata bahati hiyo. Vita ilipokuja ikawachukua wanaume na kuwapa wanawake kazi za risasi na mabomu, na mwaka 1948 Hoover ikafungua kiwanda cha mashine za kufulia Merthyr, kikadumu mpaka 2009.

East Moors, ile iliyopokea kazi ya mlimani, ilifungwa mwaka 1978. Kiwanda kidogo cha kusubu kilichosalia Dowlais kilikizidi kwa miaka tisa, kikafungwa 1987, na jengo kubwa la mitambo iliyokuwa ikipuliza hewa matanuruni likawa mali ya watengenezaji wa chokoleti.